Shingo Isiyo na Neno

Mogogosiek, Jumatatu, 31 Machi 2025

Naomba radhi kwa daftari hili. Lilitengenezwa kwa ajili ya kuandikia uzito wa majani mabichi ya chai, na safu zake ni nyembamba, kwa hiyo maneno yangu yatazikatiza kama mtu apitaye katikati ya shamba la mwenzake. Nilikuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia majani kwa miaka thelathini na mmoja. Nilipostaafu nilipewa daftari hili likiwa tupu, pamoja na mawe mawili ya chuma ya kupimia, moja la kilo moja na jingine la kilo mbili. Mawe hayo yamekuwa yakizuia mlango usipigwe na upepo. Daftari limepata kazi leo.

Naandika kwa sababu Rodah hayupo mwaka wa nne sasa, na mzee asiye na mke hana wa kumweleza siku ilivyokwenda.

Mwezi wa pili walinipasua. Uvimbe ulikuwa umekua kimya katika uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu la kushoto, nami niliudhani ni mafua yasiyoisha. Waliuondoa pamoja na sehemu ya taya la juu. Palipobaki tundu wameniwekea bamba la kaakaa, ambalo nalivaa na kulivua kama meno ya bandia. Bila hilo, maji niyanywayo hutokea puani.

Leo nilikuwa kwa Daktari Chemutai, mwanamke mtulivu, mzaliwa wa Kimulot. Alinipapasa shingo kwa muda mrefu.

"Shingo yako haina neno, Mzee Nyamwange. Na picha pia ni safi."

"Nashukuru sana, daktari. Basi shingo tuiache, tusikuongezee kazi."

"Hapana, mzee. Mionzi tutapiga shavu, na shingo pia."

Nadhani alisoma uso wangu, maana aliweka kalamu chini.

"Baba yangu ana chai," akasema. "Mti mmoja ukikauka kwa ugonjwa wa mizizi, nyinyi watu wa chai mnafanya nini?"

"Tunaung'oa, daktari, na mizizi yake."

"Huo peke yake?"

Niliona mara nyingi wakulima wakilia, kwa sababu afisa aliagiza ing'olewe na miti iliyouzunguka, yenye majani mabichi yanayong'aa.

"Na ile ya jirani."

"Iliyo mizima?"

"Inayoonekana mizima."

Alieleza bila kunificha. Ugonjwa uliofika mbali kama wangu, kwa baadhi ya watu, hujitokeza baadaye katika tezi za shingo, na ukifika huko ni vigumu kuufukuza. Mionzi ya kuzuia hupunguza uwezekano huo, haiufuti. Si madaktari wote wanaoitoa kwa kila mgonjwa; kwangu yeye anaona inafaa. Gharama yake ni kinywa kukauka, vidonda, na ngozi kuungua. Siku ni thelathini na tatu, Jumatatu hadi Ijumaa, na zisikatike.

"Tukisimama katikati, tunaupa ugonjwa nafasi ya kupumzika," alisema. "Kwa hiyo kazi yako ni mbili: kufika na kula. Nani atakuangalia nyumbani?"

"Mke wa mwanangu," nikajibu. Sikusema zaidi.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua ya kwanza ya maana. Wachumaji wamefurahi.

Sikusema zaidi kwa sababu ya chinsoni. Hivyo ndivyo sisi Abagusii tunavyoiita ile haya iliyowekwa kati ya mtu na mke wa mwanawe. Siingii nyumba ya Bosire, mwanangu, ijapokuwa iko hatua thelathini na yangu. Yeye yuko Mombasa kwenye maghala, na mkewe Moureen, mama yake Valary, ndiye ashikaye boma hili. Simpi Moureen mkono. Haingii chumba changu cha kulala, hanioni nikiwa kifua wazi, wala hanioni nikila kwa taabu. Waliosoma sana huicheka desturi hii. Lakini nimekaa miaka arobaini kati ya majirani Wakipsigis, na mtu aliye mbali na kwao hukikamata kwa nguvu kile kidogo alichokuja nacho.

Moureen huweka chakula mezani, hurudi mlangoni, huniita Tata, yaani baba, na kusema, "Tata, chakula iko," kisha huondoka. Huu ni mpango mzuri. Haujawahi kutukosea.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku ya kwanza. Uzito kilo sitini na moja.

Jirani yangu Kiplangat hupeleka maziwa mjini kila asubuhi kwa gari lake dogo, naye amekubali kunichukua. Tulitoka kukiwa na ukungu.

Wamenitengenezea barakoa ya plastiki yenye matundu, iliyoumbwa juu ya uso na shingo yangu ikiwa ya moto. Sasa ni ngumu. Hulazwa juu yangu na kubanwa mezani ili nisisogee hata unywele. Mashine inazunguka, inalia kama nyuki walio mbali, na kwisha. Sikuhisi chochote.

Kijana anayeiendesha anaitwa Phelix, wa kutoka upande wa ziwani.

"Mzee, hii tai ni ya arusi ama ya korti?"

"Ni ya kuja kwako, mwanangu."

"Ai! Basi mimi nimeolewa." Halafu akawa na uso wa kazi. "Lakini kutoka leo, hakuna tai. Hakuna kola. Usinyoe shingo, usipake sabuni ya kunukia. Hii ngozi itakuwa kama ya mtoto. Vaa tisheti."

"Nimesikia. Asante."

Nilisema nimesikia. Sikusema nitafanya. Katika shule ya misheni mwalimu wetu alimrudisha nyumbani kila mtoto ambaye kifungo chake cha juu kilikuwa wazi, hata kama alitembea maili sita. Tangu hapo hakuna aliyeiona shingo yangu hadharani, na sitaanza na mke wa mwanangu.

Jumanne, 8 Aprili

Nilikwenda. Nilirudi. Mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku tano zimekwisha. Natoa tai nyuma ya pazia kabla ya kulala mezani, na kuifunga tena baadaye.

Pale kwenye benchi nimepata mwenzangu, Bwana Oyugi, aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai huko Kericho. Ugonjwa wake ni kama wangu, ila ni shavu la kulia, na alitibiwa mwaka jana. Amerudi.

"Walitaka kupiga shingo pia," aliniambia kwa sauti ya kukwaruza. "Nikasema, shingo yangu ina makosa gani? Hii ndiyo ya kumezea samaki. Wapige pale pagonjwa. Wakapiga pale pagonjwa." Alivuta skafu chini kidogo. Chini ya taya kuna uvimbe kama yai la kuku. "Sasa shavu ni safi kabisa, Karani. Ukitaka kulibusu, karibu."

Nilimwomba radhi, sijui kwa nini.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Ijumaa hapakuwa na mashine, na kesho hapatakuwa. Siku tisa zimepita. Chai imepoteza ladha. Nilidhani Moureen ameongeza maji, kisha nikanusa kikombe na harufu yake ni ile ile. Ulimi ndio uliostaafu.

Jumanne, 22 Aprili

Kilo hamsini na tisa. Nesi Jerusa, ambaye hutupima mwanzoni mwa kila juma, aliniambia kwa upole kwamba nikishuka chini ya hamsini na saba itabidi waite daktari. Pengine watie mpira puani wa kupitishia chakula. Pengine barakoa ilegee, watengeneze nyingine, na matibabu yasimame. Alinipa kadi ya kuandika kila ninachokula.

Ijumaa, 25 Aprili

Vidonda vimetokea mdomoni. Bamba la kaakaa linakwaruza, nami siwezi kulivaa zaidi ya saa moja. Bila bamba, uji unatoka puani. Nilikula nimefunga mlango na dirisha, taulo kidevuni. Nilifikia vijiko vinne.

Moureen alipokuja kuchukua bakuli lilikuwa tupu.

"Umemaliza, Tata?"

"Nimemaliza, mama Valary. Asante sana. Ulikuwa mzuri."

Kadi inasema bakuli moja. Daftari hili lijue kwamba uji ulinywewa na ndama, kupitia mlango wa nyuma. Sikutaka mtoto wa watu aone kazi ya mikono yake imekataliwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo nimefanya jambo la aibu.

Kwa miaka thelathini na mmoja niliwakamata watu. Nilijua kikapu kilicholoweshwa maji kwa kukitazama tu. Nilijua jiwe lililofichwa chini ya majani kwa namna mchumaji anavyokiinua kikapu, kwa uangalifu mno. Sikuwapigia kelele. Nilikuwa nikisema, "Naomba umwage hapa, mama, tutazame pamoja," na wengine walilia. Sikufurahi, lakini mizani ni mizani.

Leo asubuhi nilichukua jiwe la kilo moja kutoka mlangoni, nikalitia mfuko wa ndani wa koti. Nesi Jerusa alisoma: hamsini na nane na nusu. "Vizuri, mzee, unajitahidi."

Nilipanda mizani kwa uangalifu mno. Hakuona.

Jumatano, 30 Aprili

Barabara ya kwenda lami imekatika. Malori ya majani yamekwama, na harufu ya chai iliyooza imejaa bonde lote. Trekta ya kiwanda ilituvuta sisi pamoja na maziwa. Kiplangat alitembea matopeni akisukuma, viatu mkononi, akanikataza kushuka.

"Keti, mzee. Wewe ni maziwa pia. Usimwagike."

Nilifika. Siku ya kumi na sita.

Jumatatu, 5 Mei

Jiwe la kilo mbili. Mizani: hamsini na nane.

Jumatano, 7 Mei

Ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na kuchubuka pale kola inapogusa. Phelix aliuliza, "Mzee, bado unavaa kola?" Nikajibu kwamba najitahidi. Hilo halikuwa jibu. Alinipa marhamu ya kupaka, na kitambaa laini. Shingo siioni mwenyewe, na kioo cha Rodah ni kidogo. Nilipaka kwa kukisia.

Usiku shati lilishikamana na ngozi.

Ijumaa, 9 Mei

Siku ishirini na mbili. Moureen leo alichelewa mlangoni. Alisema, akiangalia chini, "Tata, huyu ndama ananenepa sana. Na anapenda mlango yako ya nyuma."

"Ni nyasi za mvua, mama Valary."

"Eeh. Ni nyasi."

Akaondoka. Namwona kuwa mtu baridi kidogo, asiyeuliza hali yangu. Nikimlinganisha na Rodah, Rodah angekuwa amekwisha kuvunja mlango.

Jumatatu, 12 Mei

Mawe yote mawili. Hamsini na nane tena.

Oyugi alinitazama nikirudi kwenye benchi. Watu wa mitambo hawadanganyiki kwa uzito.

"Karani. Hiyo koti yako inainama upande."

"Ni kuukuu."

"Mm. Nilikuwa na boila ilikuwa inainama hivyo." Akainama karibu, sauti yake ikawa ndogo. "Mimi niliwaambia sitaki, nikaenda nyumbani. Wewe umewaambia unataka, halafu unaenda nyumbani kila siku kufanya kinyume. Kati yetu ni nani mjinga?"

Alipiga goti langu mara mbili, akaitwa ndani.

Jumatano, 14 Mei

Nitaandika yote, ingawa mkono umechoka.

Leo ilikuwa iwe siku ya ishirini na tano. Phelix alilaza barakoa juu ya uso wangu, akaibana. Aliingiza kidole kati ya plastiki na shavu. Kikaingia chote. Akaingiza cha pili, upande wa shingo.

Aliifungua, akanikalisha, akavuta kiti.

"Mzee wangu. Mizani inasema wiki hizi mbili hujapungua. Barakoa inasema umepungua. Kati ya hawa wawili, mmoja ni mwongo. Sasa niambie ni nani."

Angenipigia kelele ningeweza kuvumilia. Lakini aliongea nami kama mimi nilivyokuwa nikiongea na akina mama wenye mawe vikapuni. Nilimwomba aniletee koti. Nikatoa jiwe la kwanza, nikaliweka mezani, na la pili kando yake.

Phelix aliyainua moja moja. "Kilo tatu kamili?"

"Yamekaguliwa na kupigwa muhuri," nikasema. "Samahani."

Nilidhani atacheka. Alifuta macho kwa nyuma ya mkono, akaenda kumwita daktari.

Bila mawe nina kilo hamsini na nne na nusu. Daktari Chemutai aliniinua kidevu. Shati ilibidi lilowekwe maji ndipo liachane na shingo.

"Nani amekuambia ufunge kola juu ya hii?"

"Hakuna. Walinikataza."

"Na chakula?"

Nikamweleza kuhusu bamba, na pua, na ndama. Kisha ilibidi nimweleze chinsoni, kwa maana bila hiyo nilionekana mwendawazimu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, mimi si wa kwenu, siwezi kukuambia uache mila yenu. Nitakuambia hesabu ya upande wangu. Ile barakoa haifai tena. Kutengeneza nyingine na kupanga upya, tutaanza Jumanne. Siku nne zimepotea. Tutajaribu kuzifidia, lakini hazirudi jinsi zilivyokuwa. Ukipungua tena, tutasimama tena. Shingo ambayo tumeiunguza kwa wiki tano ili ibaki safi, tutakuwa tumeiunguza bure. Unataka kuwa umeumia bure?"

"Hapana, daktari."

"Basi kesho uje na huyo mama."

Kiplangat aliniendesha hadi nyumbani bila kuuliza neno. Mawe niliyaacha mezani kwa Phelix. Sikuthubutu kuyaomba.

Alhamisi, 15 Mei

Moureen alikuja. Alikaa kiti cha nyuma, mimi nikiwa mbele, na hatukusema lolote hadi mjini. Pale hospitalini nesi Jerusa alimwonyesha jinsi ya kusafisha ngozi, kupaka, na kufunika, akitumia mkono wake mwenyewe kama mfano. Nilitazama ukuta.

Waliniumbia barakoa mpya. Uso ulioko ndani yake siujui.

Tulipofika nyumbani nilimwita mlangoni, yeye akiwa nje na mimi ndani.

"Mama Valary, nakuomba radhi. Nilikudanganya kuhusu uji."

"Nilijua, Tata."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Ndama alikuwa na uji kwa pua."

"Kwa nini hukusema?"

Alikuwa akikunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja.

"Ningesema namna gani? Mke wa mtoto atamwambia baba mkwe, wewe unadanganya? Mama yangu angenichapa kutoka kaburini. Nilikuwa nakupikia nzito zaidi, na maziwa na mayai, ndio hata ukionja kidogo ikusaidie. Halafu ndama ndiye alinenepa." Akafuta macho kwa kile kitambaa. "Nilimpigia Bosire nikalia. Akasema, ongea na yeye. Nikamwambia, wewe uko Mombasa, ni rahisi kuongea."

Juma moja lililopita niliandika kwamba mtoto huyu ni baridi. Naomba radhi kwa ukurasa ule. Sitaufuta, ili nikumbuke. Adabu yangu na adabu yake zilikuwa zimekaa pamoja kila siku mlangoni, zikisalimiana, huku mimi nikipungua.

Jumamosi, 17 Mei

Bosire alipiga simu. Alisema, "Baba, ukiniuliza mimi, mwache akuhudumie. Mimi ndiye mume wake na nimesema." Nilimjibu kwamba jambo hili halikutoka kwake hata aweze kuliruhusu. Baadaye nilimpigia ndugu yangu mkubwa huko Nyamira, mwenye miaka tisini. Alikohoa sana, kisha akasema, "Chinsoni iliwekwa ili baba asimletee mke wa mwanawe aibu. Ukifa njaa mlangoni pake, hiyo nayo utaiita nini?"

Moureen ndiye aliyepata njia. Alichukua kigoda akakiweka ndani ya mlango wangu, akaketi, mgongo wake ukinielekea, uso wake nje kwenye mvua.

"Mimi naangalia mvua, Tata. Sikuoni. Lakini nasikia. Kula."

"Nitakula, mama. Wewe nenda upumzike."

"Nimepumzika. Kula. Nitasikia ukimeza."

Nilivaa bamba, nikaweka taulo. Kijiko cha kwanza kilitoka nusu puani. Nilikohoa. Mgongo haukugeuka.

"Moja," akasema.

Nilifika ishirini na tatu. Ilichukua saa nzima na robo. Ndama alisimama mlango wa nyuma akilia kama aliyeporwa.

Jumapili, 18 Mei

Shingo. Moureen aliingia na glavu za hospitali mikononi.

"Mkono ya glavu si mkono yangu, Tata. Ni ya serikali."

Nikacheka, na kucheka kukauma. Nilivaa shati kuukuu la Bosire ambalo mkewe alikuwa amelikata kola kwa mkasi na kupinda ukingo. Nilifumba macho. Alianza kwa maji ya chumvi, polepole, kutoka sikioni kwenda chini. Tangu Rodah alipokufa hakuna aliyeigusa shingo hii ila kwa kuitibu. Hii nayo ilikuwa ni kuitibu. Hata hivyo machozi yalitoka, nami nikasema ni chumvi.

"Ni chumvi," akakubali.

Jumanne, 20 Mei

Barakoa mpya imekaa sawa. Siku ya ishirini na tano, hatimaye. Phelix aliniona na shati lisilo kola.

"Sasa talaka. Umenivulia tai."

"Pole, mwanangu."

Kilo hamsini na tano. Nilimwonyesha nesi mifuko kabla hajaniuliza.

Alhamisi, 22 Mei

Vijiko arobaini. Oyugi hayuko kwenye benchi tangu Jumatatu.

Jumatatu, 26 Mei

Hamsini na tano na nusu. Nilimwuliza Phelix habari za Oyugi. Alisema matibabu yake yamesimamishwa na amekwenda kwao, kutulizwa maumivu. Aliniachia salamu: "Mwambie Karani, shingo yake aitunze kwa niaba ya mbili, yake na yangu."

Sikuweza kula jioni. Moureen alisubiri mpaka giza likaingia, kisha akasema akiwa amenipa mgongo, "Ni shingo ya nani leo inakataa kumeza, Tata?" Nikamweleza kuhusu Oyugi, samaki wake, shavu lake safi. Alisikiliza yote. Halafu akasema, "Basi leo kula kwa niaba yake."

Kumi na nane.

Ijumaa, 30 Mei

Siku ya thelathini na tatu. Mashine ilizunguka, ikalia, ikaisha. Phelix alinipa barakoa nichukue, na juu yake ameyaweka mawe yangu mawili, yamefungwa kwa bendeji kama zawadi.

Daktari Chemutai alinipapasa shingo, vidole vyake vyepesi juu ya ngozi inayobambuka.

"Haina neno?" nikauliza.

"Leo haina neno. Tutaangalia baada ya miezi mitatu, na baada ya hapo, na baada ya hapo. Zile siku nne zinanisumbua, sitakudanganya."

"Zinanisumbua pia, daktari. Ni zangu. Samahani."

"Usiniombe mimi samahani. Kula."

Njiani mvua ilikuwa imepungua, na wachumaji walikuwa mashambani na mifuko ya plastiki mabegani. Tulipita penye duara tupu katikati ya chai ya mtu, mahali miti ilipong'olewa. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota. Nimepita hapo maisha yangu yote na kuona hasara tu. Leo niliitazama miti iliyosimama ukingoni mwa duara.

Jumamosi, 31 Mei

Mchana. Moureen aliweka uji wa wimbi mezani, akachukua kigoda chake, akaketi mlangoni akinipa mgongo. Mvua haikuwepo. Alikuwa akiangalia ua mtupu na ndama aliyefungwa mbali, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama nje.

Nilivaa bamba. Nilichota kijiko, kisha nikakirudisha bakulini.

Nimechoka, na ni uchovu usio wa siku moja. Sijui kama shingo hii itabaki safi. Sijui kama siku nne ni nyingi au chache. Lakini nilimtazama mwanamke huyu aliyekaa siku kumi na tano akinisikiliza nikimeza, akinihifadhia uso wangu kwa kuutoa wake nje, na nikaona kwamba heshima yote iliyokuwa katika boma hili alikuwa ameibeba yeye, mgongoni.

"Mama Valary."

"Tata?"

"Mvua imekwisha. Hakuna cha kuangalia huko. Geuka."

Aliinuka, akakigeuza kigoda, akaketi. Alitazama kwanza miguu yangu, halafu mikono, halafu akainua macho.

Nilikula. Uji ukateremka puani, mbele yake, mchana kweupe. Nikashika taulo.

"Samahani, mama."

"Moja," akasema. "Endelea."